Profesa wa Historia na Kiwanda cha Sabuni

6 Februari

Kwako Dada, au niseme Profesa kama mtaa mzima unavyokuita,

Shikamoo kwanza, matani baadaye. Sisi huku hatujambo. Baba anafoka kama kawaida, kwa hiyo ujue afya yake iko sawa. Mama hajambo, magoti tu yanamsumbua baridi ikipiga. Mdogo wetu Kasuku ni mzima na hanyamazi; jana alisoma kwa sauti maandishi yote ya mfuko wa saruji, mpaka namba ya simu ya kiwanda, Baba akamfukuza karakanani. Mimi ndiyo usiseme. Misuli inaongezeka, na wateja wanasema kwa kuchomelea nimeshampita Baba. Yeye hasemi hivyo, lakini wivu wa mafundi unaujua.

Utashangaa kupata barua wakati dunia nzima ina simu. Yangu imelaliwa na geti, ikawa bapa kama stempu ya posta. Na ile ya Baba iko kwenye spika tangu siku aliyoinunua; ukimpigia unahutubia karakana nzima, na fundi baiskeli wa jirani anakujibu kabla yake. Nilichonacho leo si cha spika. Kwa hiyo barua hii nimempa karani wa mizigo pale stendi, naye ataifikisha dukani kwa Shangazi.

Sasa jambo lenyewe. Mwisho wa mwaka Kasuku anachagua masomo. Anataka historia na fasihi, kama wewe. Alipolitaja, Baba aliweka chini koleo, akavua ile ngao ya uso, nikajua leo kuna hotuba. Alisema hana ugomvi na historia, ila mtoto mmoja anatosha kwa majaribio. Shule zikifungwa, kama wewe utakuwa unakula kwa hiyo shahada yako, Kasuku atakufuata. Kama bado, ataingia sayansi, na sayansi ikimshinda ataenda chuo cha ushonaji. Dada, sayansi imeshamshinda. Mwalimu wa fizikia aliandika "anajitahidi", na wewe unajua wanamwandikia nani neno hilo. Na ushonaji! Kasuku atajishona mwenyewe kwenye kitambaa na bado ataendelea kuongea.

Tangu siku ile analala na kitabu kifuani kama mtu anayeogopa kuibiwa.

Kwa hiyo nakuuliza kama mwanamume wa nyumba hii (Baba hayupo, nasema kwa uhuru): unafanya kazi gani hasa huko? Ulisema ofisini. Ofisi ya nini?

Ni mimi fundi mkuu mtarajiwa,
Cheche

1 Machi

Mdogo wangu Cheche,

Marahaba. Nimefurahi kusikia wote ni wazima. Mwambie Mama apake mafuta ya joto magotini na aache kuinama kwenye bomba. Shangazi anawasalimu, anasema duka linakwenda, na anauliza ni lini utamtengenezea rafu aliyokuahidi tangu harusi ya binti yake.

Kuhusu kazi, mwambie Baba asiwe na wasiwasi. Niko kwenye ofisi ya bima katikati ya mji. Ni jengo zuri, lina dirisha kubwa linaloangalia barabara. Asubuhi jua linaingia dirishani mpaka inabidi tushushe pazia. Wenzangu ni watu wa heshima. Bado ninajifunza kazi, ndiyo maana sijaeleza mengi. Mchana, watu wakipungua, mtu unaweza kusimama pale dirishani ukapumzisha macho.

Mwambie Kasuku asome kwa bidii na asisikilize maneno ya karakanani. Nami nitaandika tena mambo yakitulia.

Dada yako

19 Machi

Profesa,

Hatujambo, na tunashukuru kwa salamu. Mama amepaka mafuta, Baba ana kikohozi cha moshi, Kasuku amejifunza neno "hatima" na sasa kila kitu ni hatima, hata sufuria ikiungua. Rafu ya Shangazi iko njiani, chuma kimeshakatwa kichwani mwangu.

Nimesoma barua yako kwa makini, kwa sababu shule niliiacha lakini akili nilibaki nayo. Dirisha umelitaja mara tatu. Kazi yenyewe hujaieleza hata mara moja. Ukiniuliza mimi nakwambia geti, bawaba, komeo. Sikwambii karakana yetu ina mlango mzuri.

Nilimsomea Baba ile sehemu ya jua na pazia. Akauliza, "Hapo mezani kwake kuna nini?" Nikamwambia kuna karatasi nyingi za siri za bima. Nilidanganya vizuri, lakini sitaweza mwaka mzima. Niambie ukweli. Mimi sicheki. Sawa, nitacheka, lakini kwa ndani.

Habari nyingine kubwa: kiwanda cha sabuni kinatimiza jubilei mwezi wa kumi na moja, na geti lao jipya tumepewa sisi. Lina herufi za kampuni juu, na maua ya chuma niliyochora mimi. Meneja wao anakuja kila wiki kulitazama, tunapiga soga. Ni mtu wa kuongea na kuongea kunanifuata. Kuna jambo nimelifanya kupitia yeye, sitalisema sasa. Likiharibika hukusikia, likifaulu utanipigia magoti.

Cheche

14 Aprili

Cheche,

Hamjambo? Kwetu Shangazi aliteleza dukani, mkono umevimba lakini haukuvunjika. Nafungua duka asubuhi kwa niaba yake.

Haya, cheka. Hakuna ofisi ya bima. Ile ofisi nilifika siku moja, kwa usaili, na nilikaa karibu na lile dirisha nikisubiri kuitwa. Kazi yangu tangu mwaka jana ni kusimama nje ya duka la simu nikigawa vipeperushi, nimevaa fulana ya kampuni inayofika magotini. Siku nyingine hunipa na kipaza sauti.

Usaili nimefanya mwingi mpaka sina haja ya kuuhesabu. Wote huanza vizuri, kisha mtu huinua karatasi yangu na kusema "Historia," kama aliyekuta nywele kwenye chakula. Mmoja aliniuliza kama ninajua mambo ya mbele, maana ya nyuma wameshayapita. Si kwamba kazi hakuna kabisa. Mwenzangu wa lugha ni mkalimani mahakamani. Wa fasihi ndiye anayeandika yale maneno ya "bonyeza moja, bonyeza mbili", na anasema amewahi kulia juu ya neno "subiri". Wa falsafa yuko hospitali, anakaa na familia zinapotakiwa kuamua mambo mazito. Kila mmoja alipata kwa njia ambayo huwezi kumwelekeza mwingine. Ndicho kinachonikosesha usingizi. Njia ingekuwepo ningeifuata.

Sasa nijibu hili. Wiki iliyopita nilipigiwa simu na makao makuu ya kiwanda cha sabuni. Mtu akaniambia wamependa barua yangu ya maombi. Sikuandika barua yoyote. Nilipofika, mkurugenzi alikuwa nayo mkononi, akanisomea: "Nazijua vita zote, aliyeshinda, aliyeshindwa na aliyejificha. Nikikaa na mtu atanieleza hata alichoapa kutosema. Mkinikosa mtajuta, na jubilei haitarudi." Mkurugenzi alicheka mpaka akavua miwani. Akaniuliza kama kweli naweza kumfanya mtu aeleze alichoapa kutosema. Nikasema kusikiliza watu ndiyo sehemu ya historia niliyoipenda chuoni, na kwamba sehemu nyingine za barua tuziache.

Wamenichukua niandike kitabu cha historia ya kiwanda. Ni kazi ya majaribio mpaka jubilei. Mkurugenzi, ambaye baba yake ndiye aliyekianzisha, ameniahidi kitabu kikimpendeza nitaajiriwa moja kwa moja, afisa wa habari, meza yangu na mlango wangu. Hiyo ni kabla shule hazijafungwa.

Nimekasirika na nimekushukuru, gawanya mwenyewe.

Naomba msaada. Kiwanda chenyewe kiko huko kwenu na mimi niko huku. Nakutumia kinasa sauti kwa basi. Tafuta wafanyakazi wa zamani wachache tu, waulize walianzaje kazi, chumba kilikuwaje, siku zao zilikwendaje. Uliza halafu nyamaza. Usiahidi mtu chochote.

Dada yako

30 Mei

Profesa, afisa wa habari mtarajiwa,

Sisi wazima. Pole yake Shangazi; mwambie mkono ukipona rafu itakuwa imefika, au mkono utachelewa makusudi. Nilikwambia utanipigia magoti. Nasubiri.

Kinasa sauti kilifika. Karani wa mizigo alikuwa ameshajirekodi akiimba, nimekuachia ukapime kipaji. Nilianza na mlinzi mstaafu, anakaa nyuma ya soko. Alikuwa hataki kusema kitu, anajibu ndiyo, hapana, sikumbuki. Sasa Dada, mimi mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia jina lake litakuwa kitabuni. Akainua macho. Nikaongeza, na picha. Akaita mkewe alete kiti kingine, akaongea mpaka kivuli kikatuhama. Wakati naondoka nikamwambia awaarifu na wenzake, kila aliyefanya kazi pale atakuwemo. Ilikuwa ni heshima tu, kama mtu anavyosema karibu chakula akijua sufuria tupu.

Kesho yake asubuhi nafungua karakana, nakuta foleni. Wazee wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, mmoja ana tai, wanawake na mikoba ya kanisani na msikitini. Walikuwa wamepiga mswaki kwa ajili ya picha. Baba akaniuliza nimewauzia nini watu hawa. Nikasema historia. Alinitazama kwa namna ambayo sitakuandikia.

Wakaja wakakaa kwenye benchi la kukatia vyuma, mmoja mmoja. Walisema juu ya mapipa ya mafuta, kengele ya asubuhi, mzungumzaji mmoja aliyekuwa akiwachekesha mpaka sabuni zinaanguka. Halafu kila mmoja, akifika mahali fulani, anapunguza sauti. Lile tangi la mvuke, boila, lilipasuka. Lilikuwa likipiga filimbi siku nyingi; walipolalamika wakaambiwa walifunge kitambaa. Lilipopasuka liliua watu katika chumba cha kufungia sabuni, wote wakiwa wanawake.

Mwisho wa foleni alikuwa Mama.

Amevaa lile gauni la mahafali yako. Nilidhani ananiita ndani. Akasema amekuja kwa lililowaleta wenzake. Nikamwambia basi pita mbele, wewe ni Mama. Akakataa, wapo waliotangulia. Akasubiri jua likiwa juu, mkoba mapajani, na mimi hapo sijui niweke mikono wapi.

Dada, wewe ulijua Mama alifunga sabuni? Mimi nilijua "alifanya kazi kidogo kabla hajaolewa". Lile kovu la mkononi si la uji, kama tulivyoambiwa. Alikuwa amekaa bega kwa bega na shoga yake. Shoga yake hakutoka. Waliobaki walirudishwa nyumbani, kila mmoja na katoni moja ya sabuni, na hakuna aliyewauliza kitu tangu siku hiyo. Ndiyo sababu nyumbani kwetu hatujawahi kununua sabuni ya kiwanda kile, na sisi tulidhani ni harufu tu haimpendezi.

Baba alikuwa akisaga bawaba. Katikati alizima mashine. Hakuiwasha tena siku hiyo.

Ile kadi ya sauti iko ndani ya bahasha, nimeifunga na kitambaa. Usiniulize kama nilinyamaza. Kwa Mama nilinyamaza.

Cheche

2 Julai

Cheche,

Mkono wa Shangazi umepona. Anasema hajaona hata msumari.

Nimesikiliza zote. Kwa mlinzi umeongea kuliko yeye, na umemfundisha kuchomelea. Ya Mama nimeisikiliza mara mbili. Ya tatu Shangazi alikuja akazima mwenyewe.

Nilikuonya usiahidi. Sasa kila mtu aliyekaa kwenye benchi lile anasubiri jina lake na picha yake, na aliyewaahidi ni mimi, kwa mdomo wako. Nilikasirika siku nzima. Kisha nikaandika. Nimeandika jinsi walivyosema, na kurasa mbili ni za Mama. Sijawahi kuandika kitu nikiwa na hofu kama hii.

Jana nilimpelekea mkurugenzi rasimu. Sitasema zaidi mpaka nijue.

Dada yako

21 Agosti

Dada,

Hatujambo. Wewe je? Hujaandika. Karani wa mizigo ananiona kwa mbali na kuanza kutikisa kichwa kabla sijafika. Nilidhani barua imepita kituo ikaenda mwisho wa njia, nikamfanya apekue magunia yote.

Meneja wa kiwanda alikuja. Hakulitazama geti. Aliuliza ni nani aliyekuwa akikusanya wazee hapa. Baba akasema ni wateja. Akauliza wateja wote wale walitaka mageti? Baba akasema wengine walitaka madirisha. Akaondoka bila kuaga.

Kasuku ameacha kusoma kwa sauti. Kila jioni ananiuliza kama kuna barua. Mimi namwambia wewe una shughuli nyingi za kiofisi, naye ananitazama kama yule mwalimu wa fizikia.

Andika hata mstari. Utukane kama ni lazima.

Cheche

18 Septemba

Cheche,

Nisamehe kwa kimya. Salamu kwa wote.

Mkurugenzi hakufoka. Afadhali angefoka. Alinikaribisha kiti, akanimiminia maji kwa mkono wake, akanisifu. Akasema naandika vizuri kuliko alivyotarajia kutoka kwa barua ile. Kisha akaniuliza zile kurasa za boila ni za nini. Nikasema ndivyo watu walivyonieleza. Akasema jubilei ni sherehe, na mtu haleti maiti kwenye sherehe. Akaniambia nizitoe, na niwatoe walioongea juu yake, na mkataba wa ajira ya kudumu atautia saini siku nikimletea kitabu kilichosafishwa. Alinionyesha na chumba. Kina dirisha, ndiyo, cheka.

Nimepewa mpaka mwisho wa Oktoba.

Nikizitoa, nina kazi ya kweli, ya shahada yangu, kabla shule hazijafungwa. Kasuku anasoma anachotaka. Baba ananyoosha mgongo mtaani. Wazee watakasirika, halafu watasahau, kwa sababu wamezoea. Nisipozitoa ninarudi kwenye fulana ya magotini, na Kasuku anaingia darasani kusoma vitu vinavyomliza. Ni mtoto, Cheche, na maisha yake yamening'inia kwenye kurasa zangu.

Nikasema labda ipo njia ya kati. Nikaandika sentensi moja badala ya kurasa zote: "Katika kipindi hicho ilitokea hitilafu ndogo katika mitambo, uzalishaji ukasimama kwa muda." Inakaa vizuri pale. Inasomeka. Hakuna atakayeona kuwa kuna kitu kimeondolewa. Hilo ndilo linalonitisha.

Usimwambie Mama. Nakuomba kwa mara moja maishani mwako ufunge mdomo.

Dada yako

7 Oktoba

Profesa,

Nilijaribu kwa siku kadhaa. Nilikuwa natembea na barua yako mfukoni kama mtu aliyebeba kaa la moto. Mama alikuwa uani anakunja nguo. Aliniuliza mara moja tu kama Dada yangu ni mzima, na mimi, badala ya kusema ni mzima, nikatoa barua nikamsomea yote.

Najua. Utanipiga ukija, nami nitainama.

Aliendelea kukunja. Nilipofika kwenye ile sentensi ya hitilafu ndogo akaniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza baada ya hapo kuna nini. Nikamwambia nukta. Akashika shati langu mikononi kama amesahau ni la nani.

"Mwambie asinitoe," akasema.

Nikamwuliza, na Kasuku je? Alikunja nguo zote mpaka kikapu kikajaa, akaingia nacho ndani. Kasuku alikuwa dirishani. Sijui alisikia kuanzia wapi.

Sina utani leo. Nimetafuta nimekosa.

Cheche

2 Novemba

Cheche,

Habari za nyumbani? Natumaini mko wazima.

Nilipeleka kitabu na kurasa zote ndani, nikaongeza majina ya foleni nzima, mpaka yule mwenye tai. Mkurugenzi alisoma akiwa amesimama. Aliponirudishia alisema tu, "Ulikuwa na mlango wako." Mlinzi alinisindikiza mpaka nje na kalamu zangu kwenye mfuko wa sabuni.

Kwa hiyo ndivyo. Shule zinafungwa na mimi sina kazi. Mkalimani wa mahakamani amesema kuna watu wa sheria wanaotafuta mtu wa kuhoji mashahidi wazee katika kesi za ardhi. Nimepeleka maombi, nimeandika mwenyewe, na labda ndiyo maana hawajajibu. Siku hizi naamka kabla ya mtu yeyote na kuanza kuhesabu yaliyoharibika. Kasuku ndiye wa kwanza kila mara. Mweleze wewe, mimi sijui nitaanzia wapi. Usimweleze kwa mzaha.

Nitakuja nyumbani baada ya kumsaidia Shangazi kufunga hesabu za mwaka. Mwandae Baba.

Dada yako

23 Novemba

Profesa,

Sisi wazima, na safari hii nasema kweli.

Barua yako niliificha ndani ya buti. Nilipanga kumwandaa Baba taratibu, kama ulivyosema, nianze na hali ya hewa. Lakini kabla sijaanza meneja wa kiwanda alituma kijana na ujumbe kwamba geti hawalihitaji tena. Limekamilika, limepakwa rangi, maua yangu yote yapo, na hawalihitaji. Baba akalitazama, akanitazama, akanyoosha mkono. Akasema nimpe hiyo barua ninayoikanyaga tangu juzi. Kumbe nilikuwa nachechemea.

Akaisoma mwenyewe, polepole, midomo ikicheza. Kasuku alikuwa pale, amesimama karibu na mtungi wa gesi, uso umemkauka. Siku ya kuchagua masomo ilikuwa kesho yake.

Baba akaniuliza, huyu mkurugenzi ana walinzi? Nikasema anao. Ana magari? Mengi. Ana mawakili? Nikasema mtu kama yule hata mbwa wake ana wakili. Akauliza, na alichokikataa ni zile kurasa za mama yenu, kurasa mbili? Nikasema ndiyo, hizo, na majina.

Akakunja barua. Mama alikuwa mlangoni, sijui tangu saa ngapi, anamtazama. Siku zile zote tangu ile foleni walikuwa wakiongea wawili usiku kwa sauti ya chini, sisi tukidhani ni magoti.

"Mtu mwenye walinzi anaogopa kurasa mbili," Baba akasema. "Basi hiyo si kazi ya mchezo. Asome hiyo historia."

Kasuku alifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Dada, mimi nimeishi na huyu mtoto tangu azaliwe, sijawahi kuona. Nilidhani amepata kiharusi. Kisha akalia, kisha akaanza kuongea na mpaka sasa hajanyamaza, kwa hiyo usije ukidhani utapumzika. Kesho yake Baba alikwenda naye shuleni na nguo zake za kazi, kumwambia mwalimu mkuu kwa mdomo wake, asije mtu akamgeuza.

Usifikiri tumetulia. Mama anauliza kila siku kama watu wa kesi za ardhi wamekujibu. Baba hasemi, ila nimemwona anatazama kalenda. Mzigo sasa tunao mara mbili, wewe unatafuta kazi na mwingine anajiandaa kuitafuta, na mimi ndiye mwanamume pekee wa nyumba hii mwenye ujuzi unaouzika. Zile herufi za kampuni tumezikata kwenye geti, tunatafuta mteja asiyejali pengo. Yule mzee mwenye tai anapita kuuliza kitabu kitatoka lini, na mimi sijamwambia kitu, naapa, nimemwambia tu kuwa Profesa yuko njiani.

Kwa hiyo njoo, na usije na uso wa msiba. Hakuna atakayekuficha hapa. Nilidhani Baba atawaambia watu umechukua likizo, nikawa nimeshamtengenezea uongo mzuri wa kumsaidia. Hakuutaka. Kila mteja anayeingia, kabla hajasema anataka dirisha au mlango, Baba anamwambia binti yake mkubwa amefukuzwa kazi, na anamweleza ni kwa nini. Anasema kwa ile sauti aliyoitumia siku ulipohitimu.

Mdogo wako,
Cheche